Bao Halianzii Langoni

Mpira ukishatikisa nyavu, uwanja mzima hugeukia upande mmoja. Mashabiki humtazama kipa, mabeki humtazama kipa, na kipa humtazama namba tano akitumaini kupata mtu wa kugawana naye aibu. Namba kumi na moja, aliyeupoteza mpira ule sekunde kumi na mbili kabla, huwa yuko mbali katikati ya uwanja na hakuna anayemkumbuka. Wahenga walisema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Katika kandanda kipa ndiye hukutwa na ngozi kila mara, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuuona mpira kabla haujavuka mstari.

Kumtwisha mtu wa mwisho makosa ya watu wanne ni dhuluma. Ni upimaji mbovu pia. Timu inayokosea kutambua bao lilianzia wapi itafungwa bao lile lile Jumamosi ijayo, hata ikibadilisha kipa. Ndiyo maana nataka tulifuate bao kutoka mwisho kurudi mwanzo, polepole, na kwa majina ya namba tulizozizoea.

Hapa Mackinnon Road, ambako barabara kuu ya Mombasa na Nairobi pamoja na reli zinaikata nyika ya Kinango, soka huchezwa juu ya udongo mgumu. Mvua ni chache, nyasi ni za msimu, na mpira ukigonga jiwe hubadilisha njia bila kumuaga mtu. Tofauti na wenzetu wa Ukunda na Diani, walio karibu na hoteli, shule nyingi na usafiri wa kila dakika, timu za bara la Kwale hujazwa na waliopo siku hiyo. Huyu ametoka malishoni, yule kwenye kibanda cha biashara kando ya barabara, mwingine amepanda lori kutoka Taru ili awahi mechi. Katika mazingira hayo, kipa mara nyingi hachaguliwi kwa kipaji. Huwekwa golini mdogo kuliko wote, au yule ambaye wenzake hawamtaki mbele. Hafundishwi kudaka. Akifungwa mabao manne anatukanwa, na msimu ukiisha hatumwoni tena uwanjani. Kijana wa miaka kumi na minne aliyeacha mpira kwa sababu ya mabao ambayo hakuna mtu mzima angeyazuia ni hasara ambayo hatuiandiki katika matokeo.

Tuanze na vipimo, kwa maana hesabu haina upendeleo. Kiwanja cha kimataifa kina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Ukimwacha kipa golini, wachezaji kumi waliobaki wakigawana eneo hilo sawasawa, kila mmoja ana mita za mraba 714 za kulinda. Hakuna binadamu anayeweza. Viwanja vyetu huenda vikawa vifupi kidogo, lakini tatizo halibadiliki. Dawa ni timu nzima kujibana: safu ya mbele isogee nyuma, safu ya nyuma isogee mbele, wote waelekee upande ambao mpira uko. Wachezaji kumi wakikaa ndani ya eneo la mita 35 kwa 40, kila mmoja amebaki na mita za mraba 140. Hapo mtu anaweza kukaba, na akipitwa yuko mwenzake hatua chache nyuma yake wa kumkava. Ulinzi wa timu, kwa kiini chake, ni kupunguza eneo, na eneo halipunguzwi na mabeki wanne peke yao. Straika akibaki mbele akisubiri pasi na mawinga wakibaki pembeni, mabeki hata wawe hodari namna gani watalinda uwanja mpana kupita nguvu zao.

Aliyelisisitiza jambo hili kwa ukali zaidi ni Arrigo Sacchi, kocha wa AC Milan iliyotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na tena 1990. Alitaka umbali kati ya beki wa mwisho na straika usizidi mita 25 hivi. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyowathibitishia wachezaji wake: alimweka kipa Giovanni Galli na mabeki wanne, Tassotti, Costacurta, Baresi na Maldini, dhidi ya washambuliaji kumi, wakiwamo Ruud Gullit na Marco van Basten. Washambuliaji walipewa dakika kumi na tano wafunge. Kila walipoupoteza mpira walirudi kuanzia nusu yao ya uwanja. Kwa maelezo yake, hawakufunga hata mara moja. Watano waliojipanga waliwashinda kumi waliokuwa wakicheza kila mtu kivyake. Na katika mechi zenyewe Sacchi hakuwaachia wale watano kazi. Van Basten na Gullit walikuwa walinzi wa kwanza, mita sitini kutoka golini kwao.

Sasa tulifuate bao la kawaida kabisa, lile la krosi kutoka upande wetu wa kushoto, ambalo huonekana karibu kila wikendi katika viwanja vya wilayani.

Namba kumi na moja wetu anapata mpira karibu na mstari wa katikati. Anampiga chenga mtu wa kwanza, anataka kumpiga wa pili, ananyang'anywa. Hapo hajakosea kitu. Winga asiyejaribu chenga anafanya nini uwanjani? Kosa linakuja katika sekunde tatu zinazofuata. Angemrukia papo hapo yule aliyemnyang'anya, yule angelazimika kurudisha mpira nyuma au kubutua. Yeye anainua mikono kumlalamikia refa. Namba mbili wa wapinzani anapokea pasi akiwa huru, na mbele yake ana mita ishirini tupu.

Mtazame namba tatu wetu. Ana winga wao, namba saba, aliyekwisha kujipanga pembeni, na yule namba mbili anakuja na mpira. Wawili kwa mmoja. Akimtokea mwenye mpira, pasi itapenyezwa nyuma yake. Akibaki na winga, mwenye mpira atasogea mpaka afike anapotaka kupigia krosi. Njia zote mbili zina hasara. Aliye kando ya uwanja ataiona ile aliyoichagua, atapiga kelele, na hatajua kwamba nyingine ingemletea kelele hizo hizo. Anachoweza kufanya namba tatu mwenye akili ni kuchelewesha: arudi nyuma taratibu, asijitupe chini, awanyime wale wawili haraka wanayoitaka, ili wenzake wapate muda wa kurudi. Lakini kuchelewesha kuna maana ikiwa kuna anayerudi.

Wa kwanza kumsaidia angekuwa namba sita. Kazi yake ni kuziba pengo kati ya beki wa pembeni na beki wa kati, upande wowote ambao mpira umeelekea. Dakika ile namba sita amepanda na mashambulizi kwa kuwa kocha alipiga kelele "Pandeni!", na hakuna aliyeambiwa akae mahali pake. Basi namba tano anatoka katikati kwenda kumkava namba tatu. Amefanya lililo sahihi. Ila namba tano akitoka, safu yote haina budi kuhama naye: namba nne achukue nafasi ya namba tano, na namba mbili wetu, aliye upande wa kulia, abane ndani achukue nafasi ya namba nne. Namba mbili anauona mpira uko mbali, jua ni kali, amechoka, na anaamini hatari ile ni ya watu wa kushoto. Anabaki kwenye mstari wake wa pembeni. Krosi inapigwa. Namba nne ana washambuliaji wawili wa kuwatazama. Anaruka na mmoja. Wa pili, aliye peke yake mita sita kutoka golini, anapiga kichwa.

Kipa ana muda gani? Mpira wa kichwa unaokwenda mita 15 kwa sekunde hufika kutoka mita sita kwa sekunde 0.4. Macho na ubongo wa mtu hutumia takriban nusu ya muda huo kabla misuli haijaanza kusogea. Katika nusu iliyobaki anatakiwa afike popote kwenye lango lenye upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Akilizuia shuti hilo ametenda ajabu. Asipolizuia, yametokea yaliyotarajiwa.

Orodhesha sasa. Winga hakukaba alipoupoteza mpira. Kiungo alipanda bila mtu wa kumshikia nafasi, na aliyempandisha ni kocha. Beki wa upande wa pili hakubana ndani. Namba tatu, namba tano na namba nne walifanya kazi yao katika hali mbaya, na kipa hakuwa na muda. Halafu sikiliza kelele za pembeni: zinawataja hao hao wanne wasiokosea, kwa mpangilio wa ukaribu wao na goli. Aliye karibu zaidi hutukanwa zaidi. Mwenye kosa la kwanza atapewa mpira mwingine baada ya dakika mbili, atamtoka mtu mmoja, na atashangiliwa.

Wakenya na Watanzania wanaikumbuka mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika iliyochezwa Cairo tarehe 27 Juni 2019, Harambee Stars 3, Taifa Stars 2. Dakika ya sita Mbwana Samatta alipiga shuti, kipa wa Kenya Patrick Matasi akalipangua, mpira ukarudi uwanjani na Saimon Msuva akaumalizia wavuni. Bao la aina hii ndilo hasa hutufanya tuseme "kipa ametema". Lakini shuti kali la karibu si la kudakwa. Ni la kupanguliwa, na kipa akishapangua amemaliza zamu yake. Mpira unaorudi ni wa mabeki na viungo. Mguu wa mpigaji unapoinuka tu, kila mlinzi anapaswa aanze kukimbilia golini kwake na ajiweke kati ya mtu wake na lango, kwa kuwa baada ya hapo hakuna tena muda wa kuanza mbio. Swali la kujiuliza mbele ya bao lile ni nani alikuwa na Msuva. Sijawahi kusikia likiulizwa kwa sauti kubwa kama lile la mikono ya Matasi.

Bao la pili la Tanzania lina somo lake. Michael Olunga alikuwa amesawazisha dakika ya 39 kwa tikitaka iliyowainua watu vitini, na dakika ya 40 Samatta akalifunga bao hilo. Kila kocha anaijua hatari ya dakika inayofuata bao. Timu imetoka kushangilia, mioyo imepaa, mawinga wanataka jingine, na mstari kati ya mbele na nyuma umerefuka kupita kiasi. Dakika hiyo ni ya nahodha na viungo kuwarudisha watu mahali pao. Ni kazi ya sauti kabla ya kuwa kazi ya miguu. Kenya ilishinda kwa kuwa Johanna Omolo alisawazisha tena dakika ya 62 na Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. Ushindi ukafuta mjadala wa yale mawili yaliyoingia, na hilo nalo ni kosa letu la kudumu: tukishinda hatuchunguzi, tukishindwa tunatafuta mtu. Siku nne baadaye, dhidi ya Senegali, Matasi aliokoa penalti ya Sadio Mané katika kipindi cha kwanza. Kenya ilifungwa 3-0 vilevile na ikatoka mashindanoni. Kipa anaweza kuokoa penalti ya mmoja wa washambuliaji bora duniani na bado akaenda nyumbani na mabao matatu mgongoni.

Miongoni mwa walioumizwa zaidi na hukumu ya namna hii katika historia ya mchezo huu ni Moacir Barbosa, kipa wa Brazili. Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Brazili ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili iwe bingwa wa dunia. Friaça aliipa Brazili bao mara baada ya mapumziko. Dakika ya 66 winga wa kulia wa Uruguay, Alcides Ghiggia, alimpita beki wa kushoto Bigode, akapiga krosi, na Juan Schiaffino akasawazisha. Dakika ya 79 Ghiggia alipita njia ile ile, upande ule ule, akimwacha Bigode yule yule. Barbosa alikuwa ameona bao la kwanza likitoka kwenye krosi, na akasogea kidogo kuizuia ya pili. Ghiggia akapiga moja kwa moja kwenye mwanya kati ya kipa na mlingoti wa karibu. Uruguay 2, Brazili 1.

Mtu yeyote anayefundisha ulinzi akiitazama njia ile anaona maswali kabla ya Barbosa. Kwa nini winga aliyekwisha kumpita beki mmoja mara ya kwanza aliachwa akutane naye peke yake mara ya pili? Katikati ya uwanja nani alimzuia aliyempa Ghiggia mpira? Beki wa kati Juvenal hakufika kumkava Bigode, na mbele ya Bigode hakukuwa na mwenzake aliyerudi kumpunguzia mzigo. Na timu iliyohitaji sare tu, matokeo yakiwa 1-1, ilikuwa na haja gani ya kuuacha upande wake wa kushoto wazi? Barbosa alifanya uamuzi wa busara kwa alichokiona dakika kumi na tatu kabla. Lakini Brazili ilimbebesha yeye, Bigode na Juvenal, wachezaji weusi wote watatu, na hilo halikutokea kwa bahati; lawama ikitafuta pa kutua, hutua kwanza kwa yule ambaye jamii ilikuwa tayari kumdharau. Barbosa aliishi na bao lile hadi kifo chake mwaka 2000. Alikuwa akisema kwamba nchini mwake kifungo kirefu kuliko vyote ni cha miaka thelathini, naye alikuwa ametumikia hamsini.

Nasi tuna watu wetu ambao lawama huwafuata haraka: mgeni wa kijiji, mtoto wa ukoo mwingine, yule ambaye baba yake hana sauti. Mwalimu wa timu anayejali haki hana budi kulitazama hilo pia anaposikia jina moja likirudiwa kila Jumamosi.

Kuna jambo moja kuhusu kujifunga ambalo nataka lieleweke vizuri. Tarehe 22 Juni 1994, katika Kombe la Dunia kule Marekani, beki wa Kolombia Andrés Escobar alinyoosha mguu kuikata krosi ya John Harkes na mpira ukaingia golini kwake. Kolombia ilifungwa na wenyeji 2-1. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Julai, Escobar aliuawa kwa risasi mjini Medellín. Kolombia ilikuwa imekwisha kufungwa 3-1 na Romania katika mechi ya kwanza, kwa hiyo mashaka yake hayakuanza na mguu ule. Na mguu wenyewe ulikuwa wapi? Ulikuwa mahali ambapo beki mwaminifu anatakiwa awe, kati ya krosi na mshambuliaji. Anayejifunga, mara nyingi kabisa, ni yule aliyekimbia kurudi. Asiyerudi hajifungi kamwe. Ukimwadhibu Escobar wa timu yako unawafundisha wengine wote kwamba usalama uko mbali na mpira.

Na wachezaji hujifunza upesi. Mwaka 2007 watafiti wa Israeli wakiongozwa na Michael Bar-Eli walichapisha uchunguzi wa penalti 286 zilizopigwa katika ligi na mashindano makubwa. Makipa walibaki katikati ya goli mara 6.3 tu kwa kila mia. Ajabu ni kwamba walipobaki waliokoa theluthi ya penalti, na waliporuka kushoto au kulia waliokoa takriban moja kwa kila saba au nane. Maelezo ya watafiti ni ya kibinadamu sana: kufungwa ukiwa umesimama kunauma zaidi kuliko kufungwa ukiwa hewani, kwa sababu aliyeruka anaonekana amejitahidi. Hao ni makipa wa kulipwa. Fikiria basi kijana wa shule ya upili anayejua kwamba babu, mjomba na darasa zima wamepanga mstari kando ya uwanja. Atacheza ili asilaumiwe. Hatatoka kuifuata krosi, kwa kuwa akitoka akaikosa ataonekana. Beki ataibutua kila pasi nje, hata akiwa na nafasi ya kuucheza mpira. Namba sita hataomba mpira akiwa amegeuzia lango mgongo. Timu yote itarudi nyuma hatua moja kila wiki, na kocha atashangaa kwa nini vijana hawajiamini.

Katika klabu kubwa hali si tofauti, ila sauti ni nyingi zaidi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1 jijini Dar es Salaam. Kipindi cha kwanza kiliisha 1-1. Mabao manne ya Yanga yaliingia kipindi cha pili. Aishi Manula, aliyekuwa golini kwa Simba, alikuwa ametoka kwenye majeraha ya muda mrefu, na lawama zilimfikia haraka. Baada ya siku mbili kocha Robertinho naye akaondoka. Timu inayofungwa mabao manne ndani ya kipindi kimoja, baada ya kwenda mapumziko ikiwa sare, imepoteza umbo lake uwanjani: safu zimeachana, viungo hawawafikii mabeki, na kila anayepoteza mpira anauacha nyuma yake uwanda mtupu. Kipa mzima wa afya angeokoa moja, pengine mawili. Umbo asingelirudisha.

Tena sasa kuna kamari. Kijana aliyeweka pesa yake kwenye simu mkeka ukachanika kwa bao la dakika za mwisho hataki kusikia habari za winga aliyesimama. Anataka jina, na neno lililo tayari mdomoni ni "ameuza mechi". Kuuza mechi ni uhalifu, upo, na unastahili kuchunguzwa na vyombo vinavyohusika kwa ushahidi. Kumtupia kipa neno hilo kwa sababu alichelewa kuruka ni kumvunjia mtu jina lake mbele ya mama yake.

Simaanishi kwamba kipa hakosei. Anakosea, na lazima aambiwe. Ipo krosi ya mita nne kutoka golini ambayo ni yake na asipoitokea amekosea. Upo mpira mwepesi unaopita katikati ya miguu. Lipo pia kosa ambalo halihitaji huruma nyingi, la mchezaji anayetembea wakati wenzake wanakimbia, kwa kuwa hilo halitokani na upungufu wa kipaji. Kocha mzuri hutenganisha: huyu hakujua, huyu aliamua vibaya, huyu hakutaka. Wa kwanza anafundishwa, wa pili anaelezwa, wa tatu anakaa benchi. Kuwachanganya wote katika tusi moja ni kukosa kuwafundisha wote.

Na kuna wa nne tunayemsahau, aliyeumia. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mjini Kyiv tarehe 26 Mei 2018, kipa wa Liverpool Loris Karius aliurusha mpira ukagonga mguu wa Karim Benzema na kuingia, kisha akauacha umponyoke mkwaju wa mbali wa Gareth Bale. Real Madrid ilishinda 3-1. Siku chache baadaye madaktari wa hospitali moja ya Boston walimpima wakaona dalili za mtikisiko wa ubongo, na wakasema huenda uliathiri uwezo wake wa kuona na kukadiria nafasi. Alikuwa amegongana na Sergio Ramos kabla ya bao la kwanza. Dunia ilikuwa imekwisha kumcheka. Katika viwanja vyetu vya udongo mgumu, ambako kipa hujitupa juu ya mawe na kugongana na magoti bila daktari karibu, anayegongwa kichwani atolewe, hata kama hakuna kipa wa akiba na beki lazima avae glavu.

Kinachowezekana hapa Mackinnon Road hakihitaji pesa. Baada ya mechi, timu ikae chini ya mti kabla watu hawajatawanyika, na kila bao lisimuliwe kuanzia mahali mpira ulipopotea. Swali la kwanza liwe: tuliupotezea wapi? La pili: nani alikuwa karibu zaidi, na alifanya nini katika sekunde tatu? La tatu: nani alitakiwa kumkava aliyepitwa? Kipa asemeshwe mwisho, na aulizwe alichokiona, maana ndiye pekee aliyekuwa na uwanja wote mbele ya macho. Mara nyingi ataeleza vizuri kuliko kocha. Wiki mbili tatu za mazungumzo ya namna hii zinatosha kumfanya winga aanze kurudi, kwa sababu sasa anajua jina lake litatajwa pale linapostahili.

Kelele za kipa nazo zifundishwe mazoezini kama shuti linavyofundishwa. "Yangu!" akitoka. "Mtu!" mwenzake akikabwa kwa nyuma. "Bana ndani!" kwa namba mbili aliyesahaulika upande wa pili. Kipa mdogo huona haya kuwaamrisha kaka zake, na desturi yetu ya heshima humzidishia haya hiyo. Nahodha amwambie mbele ya wote kwamba akiwa golini ana ruhusa ya kumpigia kelele yeyote, hata aliyemzidi miaka kumi.

Kisha zoezi lenyewe. Pima mita arobaini kutoka golini, weka mawe kwenye pembe. Washambuliaji sita, walinzi wanne na kipa, dakika ishirini. Washambuliaji wakinyang'anywa mpira, wana sekunde tano za kuurudisha kabla walinzi hawajautoa nje ya eneo. Wakishindwa, shambulio limekufa na walinzi wamepata pointi. Walinzi wakipitwa, bao halihesabiwi mpaka kila mlinzi aonyeshe kwa kidole alikuwa anamkava nani. Na kila baada ya dakika tano mtu mmoja wa mbele aingie golini, kwa zamu, kipa akapumzike kwa kucheza winga. Anzeni na namba kumi na moja.